Spika Mwenye Benki

Oda iliingia saa tano usiku, stima ikiwa imerudi dakika kumi tu zilizopita. Kurasa tisa, saa thelathini, somo la historia. Mada: Sir Matthew Davies, mwanasiasa na mwenye benki wa Melbourne, na mchango wake katika kuporomoka kwa uchumi wa koloni la Victoria miaka ya 1890. Nilikuwa sijawahi kumsikia huyu mtu. Nikabonyeza kuichukua kabla mwingine hajaiwahi, halafu ndiyo nikaanza kujiuliza Victoria iko upande gani wa Australia.

Labda nieleze kazi yenyewe kwanza. Kuna wanafunzi ng'ambo ambao hawataki kuandika insha zao, na kuna sisi huku Kahawa, Juja na Rongai ambao tunataka kula. Ukurasa mmoja ni shilingi 350. Thuluthi yake inabaki kwa mwenye akaunti, kwa sababu akaunti ninayofanyia kazi si yangu, nimeikodi kwa jamaa aliyenitangulia kwenye hii biashara. Yeye naye aliifungua kwa jina la Kizungu alilolibuni mwenyewe. Na insha ikishafika, mwanafunzi anaibandika jina lake. Kwa hivyo kurasa ninazokesha nazo zinapita mikono mitatu, na jina langu halipo popote.

Sijisifu. Nilitoka chuo nikiwa mwaka wa tatu, deni la karo likiwa limepita kiwango cha kuombewa msamaha, na hii ndiyo kazi iliyonipokea bila kuniuliza cheti. Nikiwaambia marafiki wanacheka: sina digrii, lakini nimewasaidia watu wengi kupata zao.

Basi usiku ule nikachemsha chai ya rangi, nikaanza kumsoma Davies. Kufikia saa tisa nilikuwa nimesahau kwamba ninalipwa.

*

Mambo ya Davies hayaeleweki bila kuuelewa mji wake.

Mahali Melbourne ilipo, kando ya Mto Yarra, ni nchi ya watu wa Kulin. Mwezi Juni 1835 mlowezi mmoja anayeitwa John Batman alivuka bahari kutoka kisiwa ambacho leo ni Tasmania, akawawekea wazee wa Kulin karatasi mbele yao, akadai kwamba wamemuuzia takriban ekari 600,000 kwa blanketi, visu, mikasi, vioo na unga. Gavana Bourke wa New South Wales aliifuta ile karatasi mwezi Agosti mwaka huohuo. Hakuifuta kwa kuwahurumia wenyeji. Alisema ardhi yote ni ya Mfalme wa Uingereza, kwa hivyo wenyeji hawana cha kuuza. Walowezi wakaendelea kuingia. Msomaji wa Kenya nadhani hahitaji kuelezwa zaidi hapo.

Mwaka 1851 dhahabu ikapatikana Victoria. Watu wakamiminika kutoka kila pembe ya dunia, na kufikia miaka ya 1880 watoto wao walikuwa wameshakua, wanaoana, wanataka nyumba. Uingereza kulikuwa na pesa nyingi zinazotafuta riba nzuri kuliko ya nyumbani. Serikali ya koloni ikatandaza reli hadi mashambani. Tramu za kuvutwa kwa kamba ya chuma zikaanza 1885. Kila mahali reli ilipoahidiwa, malisho ya ng'ombe yalikatwa vipande yakawa ploti. Mwaka huohuo wa 1885 mwandishi wa habari kutoka London, George Augustus Sala, aliutembelea mji akaupa sifa ya Melbourne ya Maajabu, na wenyeji wa mji wakaipenda sana sifa hiyo. Kufikia 1891 watu wake walikaribia nusu milioni.

Mnada wa ploti siku hizo ulikuwa sherehe. Madalali waliwapa watu tiketi za treni za bure, wakawapeleka hadi kwenye uwanja uliopambwa bendera, hema limesimamishwa, chakula kipo, shampeni inamiminwa. Ukishashiba na kuchangamka, mnada unaanza. Unalipa arbuni kidogo, salio utalimaliza polepole. Na kabla hujalimaliza umeshamuuzia mwingine kwa bei ya juu, naye anatafuta wa kumuuzia.

Hapo niliacha kusoma kidogo. Ule mlo mimi nimewahi kuula.

*

Ilikuwa Jumamosi, nikiwa kidato cha nne. Baba alikuwa amestaafu ukarani wa stoo mwezi uliotangulia, na pesa zake za uzeeni zilikuwa zimeingia. Basi la kampuni lilituchukua asubuhi. Tulikuwa kama watu sitini, wengi wa rika la Baba, wamevaa suti zao za kanisani. Tukapelekwa nje ya jiji, ng'ambo ya barabara ya Kangundo, hadi kwenye uwanda wa nyasi na miiba uliopigiliwa vigingi vyeupe. Kulikuwa na hema, nyimbo za injili kwa sauti ya juu, pilau kwenye masufuria makubwa na soda kwenye beseni la barafu.

Mkurugenzi alifika saa sita. Sitamtaja, na kampuni yake sitaitaja. Alikuwa diwani wa zamani, mzee wa kanisa, na kaka yake aliwahi kuwa mbunge. Aliposhuka kwenye gari watu wote walisimama bila kuambiwa. Alitembea akisalimia mmoja mmoja, na alipofika kwetu alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee wangu, umekuja nyumbani."

Baba alilipia ploti mbili, kila moja hamsini kwa mia. Moja ya kujenga. Nyingine ya kuuza nikifika chuo, ilipe karo. Shilingi 480,000 zote pamoja, na taito zingetoka baada ya miezi kumi na minane. Kwenye basi tukirudi alinipa soda yake ambayo hakuinywa, akaniambia, "Wewe sasa soma tu. Hiyo ingine nimemaliza."

*

Matthew Henry Davies alizaliwa Geelong, karibu na Melbourne, mwaka 1850, katika familia iliyokuja kuwa na jina kubwa Victoria. Alisomea uwakili. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa meya wa Prahran, mtaa wa Melbourne, na mwaka 1883 akaingia bunge la koloni. Ndugu yake John Mark alikuwa wakili vilevile, akawa mbunge, akawa waziri. Ukisema Davies, watu walijua ni watu gani unaowasema.

Mwaka 1887 iliundwa tume ya kifalme kuchunguza sheria za benki za Victoria. Swali mojawapo lilikuwa: je, benki ziruhusiwe kukopesha kwa dhamana ya ardhi kwa uhuru zaidi kuliko sheria ilivyoruhusu? Mwenyekiti wa tume alikuwa Davies, mtu aliyekuwa akijenga kampuni za ardhi. Tume ikapendekeza sheria ilegezwe. Mwezi Oktoba mwaka uleule wabunge wakamchagua kuwa Spika. Mwaka 1890 Malkia akamtunuku, akawa Sir Matthew.

Wakati huohuo kampuni zake zilikuwa zikizaana. Zilifika kama 40, juu yake ikiwa Mercantile Bank of Australia. Kuzielewa, chora duara. Kampuni ya kwanza inapokea akiba za watu. Inaikopesha ya pili. Ya pili inanunua ardhi kutoka kwa ya tatu kwa bei ya kuruka. Ya tatu inaandika faida kwenye vitabu, inawagawia wenye hisa gawio nono, na watu wakiona gawio nono wanaleta akiba nyingine kwa ile ya kwanza. Wakurugenzi ni walewale, wanabadilisha viti tu. Bei ya ardhi ikiendelea kupanda, kila kitabu kinaonekana safi.

Wanahistoria wa uchumi wanaandika sana kuhusu lile duara, na mwanafunzi wangu alitaka niandike hilo pia. Lakini mimi kilichonishika ni wale watu wa nje ya duara. Walimu, wajane, wachungaji, mafundi, na wengine walioishi Uingereza na Scotland ambao hawakuwahi kuiona Melbourne hata kwa picha. Hawa hawangeweza kukagua vitabu vya kampuni 40. Walichokiona ni jina. Spika wa Bunge. Sir. Ndugu yake waziri. Mtu kama huyo atapeleka wapi pesa zako? Akiba waliiweka benki, ndiyo, lakini kilichowafanya walale usingizi ni lile jina.

Baba hakuwahi kuiona mizania ya ile kampuni. Sidhani hata alijua kuna kitu kinaitwa mizania. Alishikwa mkono kwa mikono miwili, ikatosha. Na si ujinga. Baba alihesabu magunia ya watu kwa miaka thelathini na moja bila kupoteza hata moja. Ni mtu makini kuliko mimi. Lakini kuna mahali umakini wa mtu wa kawaida unaishia, na kutoka hapo inabidi umwamini aliye juu yako. Wanaojua hilo zaidi ni wale walio juu.

*

Kuporomoka kulianza mbali. Mwezi Novemba 1890 benki ya Baring ya London ilikaribia kuanguka kwa sababu ya mikopo yake Argentina, na wenye pesa wa Uingereza wakaanza kuogopa kila kitu kilicho ng'ambo. Pesa mpya zikapungua. Melbourne bei za ardhi zilikuwa zimeshaanza kulegea, na lile duara lilihitaji pesa mpya kila siku ili lizunguke. Kuanzia katikati ya 1891 hadi mwaka uliofuata, takriban taasisi 40 za ardhi na ujenzi zilifunga milango Melbourne na Sydney.

Sasa sikiliza kilichofanywa. Waziri mkuu wa Victoria wakati huo alikuwa James Munro, ambaye naye alikuwa na benki zake na kampuni zake za ardhi. Desemba 1891, benki zikianguka moja baada ya nyingine, serikali yake ilipitisha haraka sheria ya kufunga kampuni kwa hiari. Kwa Kiswahili cha mtaani: kampuni ikilemewa, wenyewe wanaweza kuifunga polepole, na mwenye akiba mmojammoja hawezi tena kwenda mahakamani kirahisi kulazimisha vitabu vifunguliwe. Aliyedaiwa ndiye aliyeandika sheria ya kudaiwa. Na kwenye kiti cha Spika alikuwa ameketi Sir Matthew. Miezi michache baadaye Munro aliacha uwaziri mkuu, akapata kazi ya kuiwakilisha Victoria London. Wenye akiba walipiga kelele hadi akarudishwa nyumbani.

Mercantile Bank ilifunga milango Machi 1892. Davies akaacha uspika mwaka huohuo. Kisha mambo yakawa mabaya zaidi: Aprili na Mei 1893 benki 12 za biashara, zikiwemo kubwa kabisa, zilisimamisha malipo. Tarehe 1 Mei serikali ya Victoria ilitangaza sikukuu ya benki ya siku tano, yaani siku tano za watu kusimama barabarani wakitazama milango iliyofungwa. Benki nyingi zilifunguka tena baada ya kuwalazimisha wenye akiba wakubali pesa zao zikae miaka kadhaa, au zigeuzwe hisa. Wanaume waliondoka kwa maelfu kwenda migodi ya dhahabu ya Western Australia, wakawa wanatuma pesa nyumbani kidogokidogo kwa wake na watoto waliobaki Melbourne.

Ile ofisi ya Baba sikuiona ikifungwa. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Baba alienda kuulizia taito kwa mara ya nane au ya tisa, akapanda hadi orofa ya tatu, akakuta saluni. Msichana mmoja alikuwa anasukwa nywele palepale ambapo Baba alihesabu noti zake. Baadaye tukajua ile ardhi kampuni haikuwahi kuinunua. Ilikuwa imelipia arbuni tu, kwa mwenye shamba ambaye hakuwahi kusikia habari za ploti wala pilau. Kesi ipo mahakamani. Kila mara inatajwa, inapewa tarehe nyingine. Mkurugenzi bado ni mzee wa kanisa.

*

Davies alishtakiwa. Shtaka lilikuwa kwamba yeye na wenzake wa Mercantile Bank walitoa mizania ya uongo, yaani ile karatasi inayoonyesha kampuni ina nini na inadaiwa nini, wakijua kwamba si kweli. Mwaka 1893 mwanasheria mkuu wa Victoria, Bryan O'Loghlen, aliamua kesi isiendelee. Chini yake serikalini kulikuwa na kijana anayeitwa Isaac Isaacs, mtoto wa fundi cherehani, Myahudi aliyehamia huko kutoka Poland. Isaacs alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Melbourne huku akifanya kazi ya ukarani. Akasema hapana, kesi itaendelea. Waziri mkuu mpya, Patterson, akamtaka ajiuzulu. Isaacs akatoka serikalini, akarudi kwa wapiga kura wake wa Bogong, nao wakamchagua tena. Miaka mingi baadaye, 1931, huyo mtoto wa fundi ndiye aliyekuwa mzaliwa wa kwanza wa Australia kuwa Gavana Mkuu wa nchi hiyo.

Nilipofika hapo saa kumi alfajiri nilisimama peke yangu kwenye keja nikapiga makofi kimyakimya. Kumbe nilikuwa nimewahi kushangilia. Davies alishtakiwa kweli, akasimama mbele ya mahakama, akaachiliwa. Mwaka 1894 akatangazwa kufilisika. Akarudi kwenye uwakili, akafa 1912.

Tena yeye angalau alisimamishwa mahakamani. Wengine wengi walipita mlango wa nyuma. Sheria ya kufilisika iliruhusu mdaiwa aelewane na wadai wake faraghani. Ilitosha wale wenye madai makubwa wakubali, na mara nyingi hao walikuwa benki na kampuni za marafiki zake. Watu waliodaiwa maelfu ya pauni walilipa peni chache kwa kila pauni, wakati pauni moja ilikuwa na peni 240, na hakuna swali hata moja waliloulizwa hadharani. Karatasi zilikunjwa zikawekwa. Mwaka 1966 ndipo Michael Cannon alipochapisha kitabu chake, The Land Boomers, akayaanika majina. Miaka sabini na zaidi. Kufikia wakati huo John Mark Davies alikuwa ameshatunukiwa usir naye, ameshakuwa Rais wa bunge la juu la Victoria kuanzia 1910 hadi 1919, na ameshazikwa kwa heshima.

Niliandika yote hayo kwa Kiingereza kisafi, kurasa tisa. Nikahitimisha kwamba Davies hakuwa chanzo pekee cha kuporomoka, kwamba alikuwa sehemu ya mfumo, na kadhalika na kadhalika, vile walimu wanapenda. Nikatuma saa mbili kabla ya muda kwisha. Kisha nikajaribu kulala, nikashindwa.

Kwa sababu kulikuwa na neno moja ambalo nililiandika mara kumi na nne kwenye ile insha, na kila nikifumba macho nililiona. Mizania ya uongo.

Nilipokwama chuoni, sikuwaambia wazazi. Baba alikuwa ndiyo tu amerudi kutoka kwenye ile saluni, ameacha kula jioni, anakaa nje hadi usiku. Nikamwambia nimepata mfadhili. Mwaka uliofuata nikamwambia nimemaliza masomo, nangoja tu mahafali. Mahafali yakaahirishwa, nikisema ni mambo ya chuo. Kila mwisho wa mwezi natuma shilingi elfu mbili nyumbani na ujumbe kwamba mambo ni sawa. Miaka miwili na nusu, kila mwezi karatasi safi. Baba anazisoma hesabu zangu, anawaambia majirani. Nilikuwa nimejiambia kwamba nafanya hivyo kumlinda. Na nina hakika, kabisa, kwamba usiku fulani mwaka 1891 Sir Matthew aliketi na wenzake mezani na kuna aliyesema tunafanya hivi kuwalinda watu, wakijua ukweli watakimbilia madirishani, tuvumilie kidogo bei zitapanda. Uongo wake uliwamaliza wajane. Wangu haujammaliza mtu. Lakini mwandiko ni uleule.

*

Jumapili nilipanda matatu nikaenda nyumbani. Mama alikuwa bado kanisani. Baba alikuwa uani anapigilia mguu wa stuli. Siku hizi haendi kanisa lile, anasema magoti.

Sikujua nianzie wapi, kwa hivyo nilianzia Melbourne. Nilimsimulia Spika aliyekuwa na benki, treni za bure, shampeni chini ya hema. Aliposikia hema aliacha kupigilia.

"Alifungwa?" akauliza.

"Hapana, Baba. Aliachiliwa."

"Na watu walirudishiwa?"

"Kidogo sana. Wengine walingoja zaidi ya miaka ishirini."

Akahesabu kimya. "Ishirini mimi nitakuwa na themanini na tatu," akasema, kana kwamba ni jambo la kupanga.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia hakuna mahafali, hakuna mfadhili, hakuwahi kuwepo. Nilimwambia mwaka wa tatu, muhula wa pili. Nilimwambia pesa ninazotuma zinatoka kwa insha za watu. Sauti yangu ilikuwa inatoka vibaya lakini nilimaliza. Baba alikuwa ameshika nyundo akiitazama, anaigeuza upande huu na upande huu.

"Muhula wa pili," akasema. "Hiyo ni baada ya mimi kukuta saluni."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ulikuwa unajua nikikwambia sina."

"Nilijua huna."

Akanyamaza muda mrefu. Jogoo wa jirani akapita katikati yetu. Sitaki kuandika kwamba alinisamehe, kwa sababu hakusema hivyo, na sikumwomba. Aliinuka akaenda ndani. Nilidhani mambo yameishia hapo. Akarudi na ile bahasha ya kaki ninayoifahamu, ile ya risiti, ambayo imeshikwa na kushikwa hadi pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Hakuifungua. Aliiweka juu ya stuli, kati yetu, akaketi.

"Huyu wa Australia," akasema hatimaye. "Umeandika kurasa ngapi?"

"Tisa."

"Wamekulipa?"

"Bado. Wanalipa tarehe kumi na tano."

"Kuna kitu wamekupa? Risiti? Jina la mtu?"

Nikamwambia kule hakuna risiti. Nikamwambia na jina lenyewe ni la kubuni.

Baba akanitazama, halafu akaitazama bahasha yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile saluni nikamwona anacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka. Alicheka hadi akafuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha akachukua msumari mwingine, akaniambia nishike mguu wa stuli usicheze.